Bwana Wastani

Machi 1

Daftari hili nimepewa kazini. Jalada lina picha ya ndege na maneno "Nauli ya basi, mwendo wa ndege," ndiyo kaulimbiu yetu. Wenzangu wamepeleka ya kwao kwa watoto wa shule. Mimi sina mtoto, nina mdomo, na mdomo huu umeshaniponza mara mbili kazini kabla hata ndege ya kwanza haijaruka. Basi bora niwe nayasemea humu.

Leo ndiyo tumeanza. Kampuni ina ndege mbili, zote zimetumika kwingine mpaka zikachoka. Chooni mna maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua, na Mkurugenzi amesema yaachwe, yanaleta hadhi. Mkurugenzi alikuwa na mabasi. Safari anaziita tripu, ndege anaziita magari. Kwenye hotuba ya asubuhi alitangaza kwamba gari la kwanza linatoka saa mbili kamili, marubani wakatazama viatu vyao.

Kazi yangu ni karatasi ya uzito. Kabla ndege haijatoka najumlisha mizigo, mafuta na watu, naweka sahihi, nampelekea rubani. Kwa karatasi hiyo ndipo anajua aruke kwa mwendo gani na atue vipi. Miaka kumi na minne nilipima magunia ghalani, kazi niliyoirithi kwa Baba, na Baba alikuwa na neno lake moja tu: mizani haina shemeji. Huku nimekuta jambo geni. Mzigo tunaupima, mtu tunamkadiria. Kila abiria, awe pande la mtu au kimbaombao, anaandikwa kilo sabini na tano, nguo zake na mkoba wake humo humo. Kitabu kinamwita mtu wa wastani. Mimi nimempa cheo, namwita Bwana Wastani. Leo amejaza viti vyote sabini.

Mdogo wangu alikuwemo, mhudumu wa ndege. Nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Nafasi hiyo nilimtafutia mimi, kwa kubisha milango mpaka vidole vikaota sugu. Alipofika juu ya ngazi aligeuka, akanitafuta kwa macho. Nikajifanya nasoma karatasi, na huku machozi yananilengalenga.

Machi 2

Mvua ya kwanza ya msimu. Hakuna jipya.

Machi 5

Mama anataka kila jioni asimuliwe ndege yote, toka mlango mpaka mkia. Kitinda anasimulia huku amekaa kwenye mkono wa kiti, amevua viatu. Mama akishasikia vya kutosha hurudi kwenye hadithi yake. Kitinda alizaliwa kabla ya siku zake. Baba alimfunga kwenye kitenge, akampeleka ghalani, akamlaza kwenye mizani ya magunia, na mshale haukusogea hata unywele. Akarudi akamwambia Mama, "Huyu hayupo bado, tumsubiri." Tumecheka hadithi hiyo miaka ishirini na saba. Kitinda akikataa kuosha vyombo husema yeye hana uzito, vyombo vitamwangukia.

Machi 9

Sheria mpya. Mzigo wa bure ni kilo tano tu, na kinachozidi kinalipiwa ghali kuliko nauli yenyewe. Abiria wamegomba mpaka kaunta ikawa kama sokoni. Mimi nimetukanwa mara nne, moja kati ya hizo kwa ufundi mkubwa.

Machi 14

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Amekuja fundi cherehani, mwanamke mwembamba wa uso lakini mwili kama godoro lililokunjwa. Amevaa magauni sita ya wateja wake, moja juu ya jingine, na mapazia mawili kama shali. Begi lake lina kilo tano kamili, hakuna wa kumgusa. Nyuma yake fundi bomba, koti lina mifuko ya kushonea ndani, kila akipiga hatua analia kama kabati la vyombo. Wenzangu kaunta wameshaupa mtindo huo jina: kuvaa sanduku. Mkurugenzi alipoambiwa alifurahi kweli. "Waacheni wavae," akasema. "Mteja akishavaa hagombi."

Machi 17

Waliovaa sanduku: kumi na moja.

Machi 19

Ishirini na sita. Mvua toka alfajiri. Sicheki tena sana.

Machi 22

Tuna rubani mkongwe, tunamwita Babu, naye anaitika. Ndiye anayeruka na Kitinda kwenda kule juu, mji wa mlimani, ambako njia ya kutua ndege ni fupi na mwisho wake ni korongo. Leo aliporudi alinifuata kaunta, maji yanamchuruzika kwenye kofia.

"Mama Mizani, karatasi yako inasema ndege nyepesi. Mikono yangu inasema nzito. Kati yenu nani mwongo?"

Alisema kwa upole, lakini limenichoma. Miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kuniita mwongo, hata wale walioficha mawe ndani ya magunia.

Machi 24

Nimewapima. Nilisogeza mizani ya vifurushi mlangoni, nikavaa uso wa serikali, nikawaambia abiria ni utaratibu mpya. Walipanda mmoja mmoja. Mama mmoja mnene alinishika mkono: "Binti, ukiisoma kwa sauti sipandi ndege wala sishuki hapa." Nikamwandikia kimya kimya.

Watu sabini. Nimejumlisha mara tatu. Bwana Wastani wetu ana kilo themanini na nane. Kila mmoja amezidi kilo kumi na tatu, na kumi na tatu mara sabini ni mia tisa na kumi. Karibu tani nzima inapanda ndege kila tripu bila kuandikwa popote, na chini yake pana sahihi yangu.

Machi 25

Nimempelekea Meneja. Alisoma, akakunja karatasi vizuri sana, kama mtu anayekunja leso.

"Dada, wastani huu umetoka ng'ambo. Umepimwa na wataalamu. Wewe umepima kwa mizani ya vifurushi."

"Ng'ambo abiria hawavai mapazia."

"Unataka niwaambie watu wavue nguo?"

"Nataka tuandike uzito walio nao."

"Tukiandika hivyo tunaacha watu kumi chini kila safari. Mkurugenzi atuelewe vipi?" Akafungua mtoto wa meza, akaiweka humo, akafunga. Nilisikia ufunguo.

Aprili 1

Ndege ya tatu imefika, na hayo si mambo ya siku ya wajinga. Safari kule juu sasa ni tatu kwa siku. Zamani ndege ilikaa chini dakika arobaini na tano, leo ni ishirini na tano. Wapakiaji wanakimbia kwenye mvua. Viti vimejaa mpaka wiki ijayo. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege wanapanda, na siwezi kusema hilo ni baya, kwa sababu naziona nyuso zao.

Njia panda ya kwenda mjini wameweka bango. Ni Kitinda, mkubwa kama nyumba, anatabasamu na sahani mkononi. Nilimpeleka Mama. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, basi alisogea mpaka akasimama chini kabisa, akaona kiatu tu. Akasema kiatu hicho anakijua.

Aprili 4

Toka leo naandika themanini na nane. Sijamuuliza mtu. Watu kumi wamebaki kaunta, wamenilaani. Ndege imeondoka vizuri.

Aprili 5

Kumi wamebaki.

Aprili 6

Kumi. Mmoja alikuwa anakwenda kumuuguza baba yake. Nilimpa kiti cha kukalia na chai, akavikataa vyote viwili.

Aprili 8

Wamenikamata. Meneja hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema kuanzia leo kompyuta ndiyo itakayojumlisha, imeshalishwa sabini na tano, haina hasira wala maoni. Mimi nimehamishiwa chumba cha mizigo iliyopotea. Kina rafu tatu, dirisha moja, na mwavuli ambao mwenyewe hajauulizia toka Machi. Siruhusiwi tena kukanyaga penye ndege.

Nyumbani nilifikiri nitapewa pole. Nilimkuta Kitinda amesimama katikati ya sebule na sare yake.

"Dada, Mkurugenzi alitaka kunifanya mkuu wa wahudumu. Leo ameniuliza kama ukoo wetu wote ni wakorofi."

"Mwambie ndiyo."

"Ulinitafutia kazi ili uje unifukuzishe?"

"Nataka ushuke salama."

"Nashuka salama mara sita kwa siku. Watu wamepata njia ya kusafiri, nimepata jina, Mama amepata cha kusimulia. Wewe tu ndiye unayetafuta mawe kwenye magunia."

Nilimjibu jambo ambalo sitaliandika. Mama alituambia tunyamaze, tukanyamaza, na mpaka nalala hatujasemeshana.

Aprili 11

Babu amekuja chumbani kwangu, akajitia kuulizia mwavuli. Alifunga mlango.

"Kompyuta inaniambia uongo kwa sauti tamu," akasema. "Wewe bado una macho?"

Ninayo. Mlango wangu unatazama njia wanayopita abiria kwenda kwenye ndege, na kwa miaka yote ile nilijifunza kumkadiria mwenye gunia kabla hajalitua. Tumepatana hivi. Nawahesabu wakipita, waliovaa sanduku na wasiovaa. Kisha nasimama mlangoni, yeye ananitazama kutoka dirisha la rubani, nami nanyoosha vidole. Kidole kimoja ni kilo mia. Akishaviona anashusha vifurushi au anapunguza mafuta, na kwenye fomu anaandika "upepo." Hakuna anayebishana na upepo.

Aprili 12

Saba.

Aprili 13

Tisa. Mvua.

Aprili 14

Nane. Kitinda amepita mlangoni kwangu bila salamu. Nami sikuinua kichwa.

Aprili 15

Tisa. Kule juu mvua imekata barabara, daraja limekwenda na maji. Sasa sisi ndio njia pekee. Mkurugenzi ameongeza tripu ya nne.

Aprili 16

Tisa. Babu amechoka, naona anavyopanda ngazi. Alinipungia kofia.

Aprili 18

Saba. Mwenye mwavuli amekuja. Alisema siyo wake.

Aprili 19

Tisa. Kitinda anaamka kabla yangu, anaondoka kabla yangu. Ameacha chai yangu imefunikwa na sahani. Nimeinywa, lakini sikumwambia.

Aprili 20

Tisa. Babu amejaza saa zake za mwezi, sheria inamtaka apumzike siku kumi. Kesho anaruka rubani mgeni, ameajiriwa juzi. Babu alisema atamwachia ujumbe kwa Meneja. Nilimwuliza, kwa Meneja yupi? Akakuna kidevu. Akasema, basi mwambie mdogo wako, yeye ndiye anayewapelekea marubani chai, neno moja sikioni linatosha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshalipanga neno lenyewe. Nikamkuta sebuleni anapiga pasi sare yake. Alinitazama, nikamtazama. Nikaona ni yeye anayepaswa kuanza, yeye ndiye mdogo. Nikapita. Nitamwambia asubuhi.

Aprili 21

Asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Aprili 24

Nimejaribu kuandika siku tatu. Leo naandika.

Siku ile mvua ilikuwa ya kumwaga, lakini nilikuwa naona. Hilo nataka liwe wazi, kwa sababu watu wameniambia huenda sikuona. Walipita abiria sabini. Arobaini na nne walikuwa wamevaa sanduku. Daraja lilikuwa limekatika wiki nzima na watu walikuwa wanapeleka kule juu kila kinachovalika. Alikuwepo hata yule fundi cherehani, safari hii amevaa makoti. Alinitania: "Leo nikianguka nadunda."

Nilisimama mlangoni, nikanyoosha vidole tisa.

Rubani mgeni alikuwa dirishani. Ni mtu wa sura nzuri, mchangamfu. Aliniona. Nilihakikisha ameniona, nikatikisa mikono, tisa, tisa. Naye akatabasamu, akanipungia mkono.

Nikaanza kutoka nje. Mlinzi akanizuia, akasema Dada mimi nina watoto, usinitie matatani. Nilikuwa nabishana naye wakati Kitinda alipotokea kwenye mlango wa ndege kuufunga. Aliniona nimesimama kwenye mvua na vidole vimenyooka. Siku kumi na tatu tulikuwa hatusemi. Sijui alifikiri nini. Nadhani alifikiri nimekuja kuyamaliza. Uso wake ulifunguka, akaniinulia vidole tisa, akicheka, kama tulivyokuwa tukiigana utotoni. Kisha akafunga mlango.

Mimi nilicheka pia. Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Kwa dakika nzima nilisahau uzito, nilifurahi tu kwamba mdogo wangu ameacha kuninunia.

Ilitua saa nne na dakika kumi. Wanasema iligusa chini pale pale inapopaswa, kwa mwendo ule ule kompyuta ilioutaka. Ila haikusimama. Njia ilikuwa imelowa, ndege ilikuwa na tani isiyoandikwa, ikaimaliza njia yote, ikazunguka, ikaingia korongoni kwa mkia. Kiti cha mhudumu kiko mkiani. Ni kile cha kukunja.

Nilisikia redioni, nikiwa chumba cha mizigo iliyopotea. Mtangazaji alisema abiria wote wamenusurika. Wote, sabini. Daktari mmoja alieleza kwamba nguo nyingi walizovaa ziliwakinga, wengi wametoka na michubuko tu. Alisema ni bahati ya ajabu. Nikaanza kushukuru. Nilikuwa nimeshapiga magoti pale sakafuni ndipo nikasikia walichosema mwisho, kwamba mhudumu mmoja amefariki. Mhudumu si abiria. Alikuwa na blauzi ya sare, kitambaa chepesi, alikuwa ameipiga pasi mwenyewe.

Mama nilimwambia mimi. Hakulia. Aliuliza kama amefunikwa, kule juu kuna baridi.

Aprili 25

Meneja amepiga simu. Baada ya pole akasema wakaguzi wameiona karatasi ya siku ile. Haina kosa hata moja. Nadhani alitaka nipumue. Nikamwuliza ile yangu iliyo kwenye mtoto wa meza nayo wameiona? Akasema mtandao unakatika.

Aprili 26

Bango bado lipo. Ndege ya nne inakuja Jumamosi, haijaahirishwa.

Aprili 28

Wamefungua uwanja wa kule juu. Barabara bado haipitiki, kwa hiyo mdogo wangu ilibidi arudi kwa ndege yetu, hakuna nyingine. Babu alikatisha mapumziko akasema atamrudisha yeye. Nilikwenda naye. Nilikaa kiti cha mkiani, cha kukunja. Nilitaka kujua kinakaaje.

Kule juu sanduku lilikuwa limewekwa chumba cha mizigo. Karani wa pale, baba wa makamo, alikuwa na fomu mkononi na hajui atazame wapi.

"Dada, hapa pana nafasi ya uzito," akasema. "Mizigo lazima ijazwe. Lakini usijitie uchungu. Tuandike tu wastani, nitatia sahihi mimi."

"Wastani ni wa walio hai," nikamwambia. "Mlete hapa."

Mizani yao ni ya zamani, ya uso wa duara na mshale mwekundu, ndugu ya ile ya Baba. Wapakiaji wanne walimbeba, wakamlaza taratibu. Nilisubiri mshale utulie, kwa sababu mshale hausomwi unapotikisika, Baba alinifunza hivyo. Tisini na moja, na sanduku lake. Nikaandika tisini na moja. Nikaweka sahihi yangu. Ndiyo karatasi pekee ya kampuni hii ambayo nitaisimamia mbele ya yeyote.

Abiria wa kurudi walikuwa kumi na sita, wamevaa nguo za kawaida. Babu alikuwa ameshakaa. Akanitazama kutoka dirishani, akainua mkono kuniuliza. Nikamwonyesha ngumi. Siku hiyo hapakuwa na cha kuongeza.

Nyumbani Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, watu wamejaa, yeye ananisikiliza mimi tu. Alitaka kusimuliwa yote, toka mlango mpaka mkia, kama kawaida yake. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye mizani nikataka kuiruka. Akanishika kifundo cha mkono.

"Ulimpima wewe mwenyewe?"

"Nilimpima, Mama."

Hakuniachia mkono.

"Mshale ulisogea?"

Nikamwambia ulisogea.